Mzazi Asikae Chungu Kimoja na Mwanawe: Tunavyopika Shuleni na Watoto na Wazazi Wao

Mimi ni mpishi wa shule ya msingi hapa Moshi, upande wa kupandia Uru. Si mwalimu, na nasema mapema ili asije mtu akaniuliza mtaala unasemaje. Kazi yangu ya kila siku ni uji wa asubuhi na makande ya mchana, kwenye masufuria ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kujificha ndani. Ila kila muhula tunakuwa na siku ya jiko: watoto wa darasa la 3 hadi la 6 wanapika shuleni pamoja na wazazi wao, na siku hiyo naisimamia mimi. Wapishi na walimu wa shule za jirani wamekuwa wakinipigia kuuliza tunafanyaje mpaka wazazi wanakuja, tena na akina baba wamo. Simu zimekuwa nyingi, kwa hiyo naandika.

Barua

Siku nyingi za namna hii hufia kwenye barua, mkaa haujawashwa bado. Mzazi akisoma "unaombwa kufika shuleni bila kukosa", kichwani mwake anasikia michango. Simlaumu. Ada na michango ya lazima iliondolewa kwenye shule za serikali tangu 2016, lakini chakula cha mchana kimebaki kuwa makubaliano ya wazazi na shule, na vikao vyake tunavijua: unaingia ukidaiwa mahindi, unatoka ukidaiwa na maharage.

Kwa hiyo barua yetu inaanza na fedha, kuiondoa. Inasomeka hivi (mtori ni supu nzito ya nyama na ndizi zilizopondwa, na mshare ni ndizi za kupika):

"Ndugu Mzazi/Mlezi. Hakuna mchango wa fedha. Alhamisi saa 8 mchana tunapika mtori na watoto hapa shuleni. Njoo ufundishe, au njoo umenye. Uje na kisu unachokiamini, na kanga au aproni. Mwenye ndizi mshare shambani alete chane moja. Asiye nazo asinunue. Saa 11 kila mtu yuko njiani kurudi nyumbani."

Neno "Mlezi" lisikosekane, maana watoto wengi hapa wanalelewa na bibi, shangazi au dada wa kazi, na bibi akiona barua imeandikwa "Mzazi" peke yake anaiweka kando amsubiri mama wa mtoto arudi Disemba. Saa ya kumaliza nayo isikosekane. Mama anayeuza nyanya Mbuyuni anaweza kukupa saa tatu. "Mchana kutwa" hawezi kukupa, na akishindwa kujua utamwachia saa ngapi, haji kabisa.

Karatasi peke yake haitoshi, itakutwa wiki ijayo chini ya begi imefungia karanga. Mwalimu wa darasa awarekodi watoto wachache kwenye simu yake, kila mmoja aseme maneno yake mwenyewe, kisha atume kwenye kundi la wasapu la darasa. Mzazi aliyepuuza karatasi hapuuzi sauti ya mwanawe ikisema, "Mama, njoo Alhamisi, mimi nitashika kisu."

Kuhusu siku, sisi tumeishia Alhamisi kwa kuondoa nyingine. Jumamosi inawatupa nje Wasabato, ambao kwetu si wachache, hasa familia zilizotoka Upareni. Jumapili ni kanisa na baada ya kanisa ni jumuiya na vikoba. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Mwezi wa Ramadhani tunauruka wote. Kama soko la kwenu linajaa Alhamisi, chukua Jumanne, ila usiweke siku kabla ya kuuliza akina mama wanauza wapi na lini.

Watu na vyungu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wenzangu wengi wanapokwama. Wanawapanga mzazi na mtoto wake, wawili wawili, kila jozi na kisufuria chake. Inapendeza kwenye picha. Halafu tazama kinachotokea: mtoto anakata kitunguu polepole, vipande vikubwa vidogo, mama anavumilia vipande viwili vya kwanza, cha tatu anasema "lete hapa, utajikata," na kuanzia hapo mama anapika na mtoto anashika beseni. Wengine wanagombezwa mbele ya wenzao. Na yule ambaye hakuna aliyemjia anasimama pembeni na mwalimu, darasa zima linaona.

Sisi hatupangi familia, tunapanga vyungu. Nasema vyungu kwa mazoea, ni sufuria za kawaida za lita kumi. Kila chungu kina watoto wanne na wakubwa watatu au wanne, na mzazi hakai chungu kimoja na mwanawe. Hiyo ndiyo sheria ambayo siipunguzi kwa mtu, hata mwenyekiti wa kamati ya shule. Mama yuleyule anayempokonya mwanawe kisu, ukimpa mtoto wa jirani anageuka mwalimu mpole kweli: "Haya mwanangu, taratibu, weka kidole nyuma kidogo." Mtoto naye, ambaye nyumbani akiambiwa amenye ndizi anakunja uso, mbele ya mama wa mwenzake anamenya mpaka ndizi zinaisha. Na mtoto ambaye hakuna aliyemjia hatambuliki, kwa sababu hakuna aliye na mzazi wake mezani.

Watoto wa darasa la 3 wakati mwingine hawataki kumwachia mama. Muweke mama kwenye chungu cha jirani, waonane. Yatosha.

Kila chungu kina mkuu wake, mzazi mmoja anayejua chakula cha siku hiyo, na mapishi ya chungu hicho ni yake yeye. Hili limetuponya na ubishi. Ukiwaweka pamoja bibi wa Machame, mama wa Rombo na shangazi wa Marangu wakubaliane mtori unatiwa maziwa au hautiwi, giza litaingia. Chungu cha huyu kina maziwa, cha yule kina siagi, cha mwingine ni supu na ndizi basi. Watoto wanazunguka wakionja na wanabishana wenyewe. Wazazi wasio wa huku nao wana zamu yao: tuna mama wa Kisambaa ambaye siku ya wali alitia nazi, na watoto wa Uru wakamzunguka kumwangalia akikuna kwa mbuzi utadhani anacheza ngoma.

Nusu saa kabla ya watoto kutoka darasani nakaa na wakuu wa vyungu na kuwaambia mambo machache. La kwanza ni "mikono nyuma". Mkubwa anafundisha kwa mdomo. Anashika kitu pale tu panapohitaji mkubwa, yaani kuepua sufuria, kumwaga maji ya moto, kuongeza mkaa. Nikipita na kumkuta mama anakata karoti huku watoto wanne wanamtazama, namwambia tu, "Mama, mikono nyuma," naye anacheka anarudisha kisu. La pili, kipande kibaya hakitupwi wala hakikatwi upya. Karoti nene itaiva, itachelewa kidogo tu. La tatu, asimsifu mtoto mmoja kwa kumlinganisha na mwingine.

Akina baba

Ukiandika "kupika", baba anampa mama barua. Lakini baba huyohuyo Desemba, familia ikirudi kijijini kwa Krismasi, ndiye yuko nyuma ya nyumba tangu alfajiri, ndiye anachinja, ndiye anajua kidari ni cha nani na supu inachemka saa ngapi, na hataki mwanamke asogelee. Uchagani nyama ni kazi ya wanaume tangu zamani. Kwa hiyo mimi baba simwiti aje kupika. Namwita aje kwenye nyama.

Baba mmoja dereva wa bodaboda alifika akasimama getini na helmeti mkononi, akaniuliza, "Mama mpishi, sasa mimi hapa nafanya nini?" Nikampa nusu ya ng'ombe wa mbele, maana yake mfuko wa mifupa ya kifua kutoka buchani, na watoto watatu wa darasa la 6. Nilipopita baadaye alikuwa anawaeleza kwa nini supu haifunikwi kabla povu halijatolewa. Safari iliyofuata alikuja na mwenzake wa kijiweni.

Nyama inunuliwe bucha ambayo Waislamu nao wanakula, na umwambie kila mtu kwamba imenunuliwa huko. Kutakuwa na baba atakayependekeza kitimoto, yaani nguruwe, huu ni mji wa kitimoto. Mwambie kwenye shughuli yake, si shuleni. Na atakuwepo wa kuuliza mbege, pombe yetu ya ndizi, iko wapi. Huyo mcheke, mpe ndoo akachote maji.

Visu na moto

Shule inayoanza, isianze na moto. Mara ya kwanza pikeni kisichopikwa: kachumbari, parachichi la kuponda na limao na chumvi, saladi ya matunda. Mtafahamu nani ana mkono mzito, nani anaogopa kisu, maji yanatosha au hayatoshi, na wazazi wataona kwamba kweli hakukuwa na mchango.

Hata hivyo kisu kipo tangu siku ya kwanza. Walimu hupenda kuwapa watoto visu butu wakidhani ndiyo usalama. Kisu butu kinateleza juu ya ganda la nyanya na kuishia kwenye kidole, kwa kuwa mtoto analazimika kukandamiza kwa nguvu. Mpe kidogo chenye makali, na ubao usioteleza: tandika kitambaa kibichi chini yake. Mkono unaoshika kitunguu vidole vikunjwe kama makucha ya kuku, kisu kipite mbele ya vifundo. Kitunguu kikatwe nusu kwanza kilalie upande bapa. Mtoto anayetembea hashiki kisu. Akitaka kwenda kokote anakilaza mezani, ncha ikitazama katikati.

Nani afanye nini? Darasa la 3 kwangu wanachambua, wanaosha, wanachuma majani ya mnafu, wanakata vitu laini kama ndizi mbivu na parachichi. La 4 wanamenya na kukata karoti na vitunguu. La 5 na la 6 wanakaa jikoni, wanakoroga, wanaonja chumvi. Umri si kila kitu. Kuna mtoto wa la 3 anayepikia wadogo zake nyumbani kila jioni, na ukimpa kazi ya kuchuma mchicha unamwonea. Muulize mtoto mwenyewe, atakwambia ukweli.

Kunawa ni kwenye vibuyu chirizi, yaani madumu ya kuning'iniza yanayotiririsha maji, viwili au vitatu, na sabuni ya kipande imening'inizwa kwa kamba ili isipotee. Kila anayegusa nyama mbichi ananawa tena kabla hajagusa kingine, na ubao wa nyama ni wake peke yake, tumeupaka rangi nyekundu pembeni. Mwenye kidonda mkononi au anayeharisha anapewa kazi ya kuandika.

Majiko tunayapanga nje chini ya mwembe, ya mkaa au ya gesi kutegemea tumepata nini. Taasisi kubwa zimeagizwa ziachane na kuni na mkaa, na kweli mtungi wa gesi ni mwepesi kwa siku kama hii, moshi haumfukuzi mtu. Lakini jiko dogo la mtungi likibeba sufuria ya lita kumi linayumba. Likalie kwenye ardhi iliyosawazishwa na tofali pembeni, mpira wake usivuke njia ya watu. Kuzunguka majiko yote nachora mstari wa chokaa. Wa darasa la 3 na la 4 hawavuki mstari. Mstari unafanya kazi kuliko kelele za mwalimu, kwa sababu watoto wenyewe ndio wanalindana: "Ewe, umevuka!" Sweta za shule zivuliwe. Zile za nyuzi za plastiki zikishika moto zinayeyuka na kuganda mwilini. Viatu ni vya kufunika vidole, si ndala.

Mtu akiungua, maji. Maji baridi ya bomba yanayotiririka juu ya jeraha dakika ishirini, pete au bangili ivuliwe kabla ya kuvimba, kisha kitambaa safi na aende kituo cha afya kama ni kubwa au ni usoni. Isipakwe dawa ya meno, wala asali, wala yai, wala majivu. Hili liseme kwa wazazi mbele ya watoto kabla ya moto kuwashwa, maana likitokea, kila bibi ana dawa yake na zote zimo njiani zinakuja.

Mtori wenyewe

Kwa chungu kimoja cha watu wanane ninapima hivi: ndizi mshare 20 hadi 24 kutegemea ukubwa, nyama ya mifupa kilo 1, vitunguu 2, karoti 2, limao 1, maziwa kikombe kimoja kwa anayetaka, chumvi, na maji lita 3 ya kuanzia na mengine ya moto pembeni. Mwalimu wa hisabati akitaka kazi, hapo ndipo pake. Awape watoto kipimo cha chungu kimoja, wao wamwambie vyungu vitano vinataka mikungu mingapi na sado ngapi za vitunguu. Wakikosea hesabu watakula kilichokosewa.

Nyama naitanguliza mimi na baba wa supu saa 6, kwa moto mdogo, ili watoto wakitoka darasani saa 8 iwe imelainika. Ukisubiri nyama ianze nao, mtakula usiku.

Kumenya kunataka maelezo, kwa sababu ganda la ndizi mbichi halichaniki kwa mkono kama la mbivu, na utomvu wake ni adui wa shati jeupe. Doa la utomvu wa ndizi halitoki. Nimeona akina mama wamejaribu limao, mafuta ya taa na jiki, na shati likaishia kuwa la kulimia. Watoto wavae nguo za nyumbani siku hiyo, na kabla ya kushika ndizi kila mtu, mkubwa na mdogo, apake mafuta ya kupikia viganjani. Beseni la maji lenye limao lililokamuliwa liwe katikati ya duara.

Mtoto anakata ncha zote mbili. Anailaza ndizi ubaoni, anapitisha ncha ya kisu kwenye ganda kutoka kichwa hadi mkia, mstari mmoja usiozama kwenye nyama ya ndizi. Halafu anaiingiza ndizi majini, na hapo majini anasukuma kidole gumba chini ya ganda kwenye ule mstari na kulifungua kwa upande, si kwa kulivuta kushuka. Likitoka linatoka zima, kama halikutoka zima mstari haukufika chini. Ndizi inabaki humohumo kwenye maji ya limao mpaka wakati wa kutia chunguni, vinginevyo inageuka nyeusi: hewa ikigusa pale ilipokatwa, rangi inabadilika, na asidi ya limao inazuia. Toa moja iache juu ya meza makusudi. Mwalimu wa sayansi atakushukuru.

Watoto wanne wanamaliza ndizi ishirini kwa dakika arobaini hivi. Ni muda mrefu. Ndio muda mzuri kuliko wote, mikono imeshughulika na midomo iko huru, na ndipo bibi anapoanza kusimulia mtori aliopikiwa yeye alipojifungua, na mtoto wa watu anasikia kwamba chakula hiki ni cha mzazi aliyejifungua kabla ya kuwa cha hotelini. Usiwaharakishe.

Nyama inatolewa kwenye supu na kupewa watoto wa la 6 waichambue kutoka kwenye mifupa ikipoa. Ndizi zilizokatwa vipande, vitunguu na karoti zinaingia kwenye supu inayochemka, chumvi kidogo, mfuniko. Dakika thelathini hadi arobaini ndizi zinakuwa laini kiasi cha kupondeka kwa mgongo wa mwiko ukizibana ukutani mwa sufuria. Epua. Hapo mkubwa anashika sufuria kwa matambara mawili na watoto wanapokezana mwiko: unaponda kwa kubana, si kwa kutwanga, ukitwanga yanaruka ya moto. Mtori mzuri hauna madonge lakini pia si uji wa mtoto mchanga, unautaka ushike kijiko kidogo. Ukizidi uzito, maji ya moto kwa upawa, mmoja mmoja. Nyama inarudi, maziwa yanaingia kwa anayetia, sufuria inarudi motoni kwa dakika tano bila kuacha kukoroga, maana mtori hushika chini haraka na harufu ya kuungua haiondoki.

Maharage na mahindi

Ukishazoea, wazazi wataomba kiburu, ndizi na maharage. Ni kizuri, na ni cha bei nafuu kuliko mtori, ila maharage hayaheshimu ratiba ya shule. Yaloweke usiku kucha, yamwagwe maji yale, yapikwe asubuhi. Maji ya Moshi mjini yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100 kama Tanga, kwa sababu tuko juu, na ukipanda kuelekea Kibosho au Marangu zinapungua tena kwa karibu nyuzi moja kila mita 300. Yanachemka mapema lakini hayana joto lile, na ndiyo maana maharage ya bibi wa milimani yanakaa motoni mpaka jirani anauliza. Magadi yanaharakisha na kuponda inakuwa rahisi, lakini yakizidi yanaharibu vitamini na ladha, kwa hiyo mimi natia kijiko kidogo tu kwa chungu, au sitii. Hata ukiwa na haraka, maharage lazima yachemke kwa nguvu dakika kumi au zaidi. Yale ambayo hayakuiva sawasawa yana sumu inayotapisha, na ukiwa na watoto arobaini hutaki kujua inavyokuwa.

Siku ya makande mpe kila mtoto ungo na mahindi mkono mmoja achambue. Punje yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyotobolewa inatoka. Waambie kwa nini, bila kuwatisha sana: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye mahindi, na kuyapika hakuiondoi. Watoto wanaoambiwa hivyo wanachambua kuliko sisi wapishi. Wakifika nyumbani wanachambua na ya mama, na akina mama wamenijia kulalamika kwamba mtoto amekataa unga. Nikawaambia mwulizeni mahindi yalikaa wapi.

Kula, kuosha, na kazi ya nyumbani

Mtoto ndiye anayepakua. Anapakua bakuli moja kwanza na kulipeleka kwa mkubwa wake: mzazi kama amekuja, na kama hakuja basi kwa mkuu wa chungu, mwalimu, au mimi. Mimi nimekula mtori mwingi kwa njia hiyo. Akishapeleka ndipo anajipakulia. Mzazi anakula chakula alichopika mwanawe kwenye chungu ambacho yeye hakukigusa, na hapo ndipo unasikia maneno ambayo watoto hawayasikii kila siku.

Kuosha ni kwa wote, na akina baba wanapewa masufuria. Mtori ulioshika chini uloweke kwa maji ya moto kwanza, kisha majivu na gunzi la hindi. Kilichobaki hakilali shuleni: bila jokofu, mtori wenye maziwa ukikaa zaidi ya saa mbili kwenye joto la mchana usimpe mtu. Wape walinzi na wenye ndugu wengi nyumbani ungali wa moto, kila mtu na kontena lake.

Kabla hawajatoka getini, kila mtoto anaandika kwenye daftari viungo na hatua za chungu chake, kwa maneno yake. Wiki inayofuata anapika kitu hichohicho nyumbani, kiasi cha familia, na mzazi anatuma picha kwenye kundi la darasa. Asiye na ndizi apike kwa viazi, inakuwa supu nzito nzuri tu. Mwalimu asiulize kama kilikuwa kitamu. Aulize nani alishika kisu, na mtoto akijibu "mama", kazi irudiwe wiki nyingine.